Zipu Mbili za Binti wa Cheche

Benchi letu limekaa kati ya kibanda changu cha kushonea viatu na duka la fundi cherehani tunayemwita Sindano. Ni la chuma. Alilichomelea Cheche mwenyewe mwaka aliofungua karakana yake ng'ambo ya barabara, na miguu yake haijalegea hata siku moja, ingawa makalio yaliyopita hapo ni mengi na mengine hayana haya. Mwisho wa benchi, upande wa kivuli, Mama Kahawa huweka jiko lake na birika. Ukipita hapo saa nne asubuhi humkosi Profesa, mtu ambaye hajawahi kufundisha darasa lolote; alikuwa mtunza stoo wa shule kwa miaka thelathini, akagawa chaki na kusoma kila gazeti kuukuu lililofungiwa vifaa. Kwa hiyo hakuna jambo asilolijua, ila mengi anayajua nusu, kwa kuwa gazeti lenyewe lilikuwa limechanika. Wiki ninayoisimulia tulibishana siku nzima kuhusu DNA, na safari hii ubishi haukutoka gazetini. Ulitoka nyumbani kwa Cheche.

Cheche ana mabinti wawili. Wa pili wakati huo alikuwa bado ananyonya. Wa kwanza alikuwa na miaka tisa, na baba yake humwita "Mama" kwa sababu amerithi jina la mama mzazi wa Cheche. Huyo mkubwa tangu uchanga alikuwa mtu wa kuumwa. Leo vidole vimevimba, wiki ijayo magoti, mwezi ujao analia mgongo mpaka sauti inakauka. Shule aliijua kwa kusimuliwa na wenzake. Wazazi walimzungusha kila mahali, akapewa dawa ya hili na dawa ya lile. Mwezi uliotangulia wiki hiyo akalazwa hospitali kubwa, wakamtoa damu, na ndipo ugonjwa ukapata jina: selimundu. Daktari akamweleza mama yake kwamba ni ugonjwa wa kurithi, umeandikwa kwenye DNA, yaani vinasaba.

Neno "kurithi" ndilo lililopasua nyumba. Cheche alimpigia simu shangazi yake aliyemlea, na shangazi akamjibu bila kusita: "Kwetu hakuna ugonjwa huo. Umetoka huko ulikooa." Cheche akabeba godoro akahamia karakana. Siku ya tisa shangazi akatuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja, amepata binti wa watu mwenye damu safi, waende wakajitambulishe.

Siku ya kumi, Jumatano, mkewe alinijia kibandani na mdogo mgongoni. Nilimvutia kigoda, hakukaa.

– Shemeji, wewe ndiye anayekusikia, alisema. Mimi nimeshapimwa. Ninabeba huo ugonjwa, sijakataa. Lakini daktari kasema mimi peke yangu sitoshi kumpa mtoto. Mwambie naye akapime.

– Na akikataa?

– Akikataa aende zake. Ila asiende akidhani anajua.

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akamrekebisha mtoto mgongoni, akaondoka. Nilibaki nimeshika kiatu cha mtu na sikumbuki nilikuwa nataka kukifanya nini.

Asubuhi yake, Alhamisi, Cheche alivuka barabara kuja kunywa kahawa, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Nilimfikishia ujumbe pale pale mbele ya wote, kwa kuwa habari zake walikuwa wanazijua kuliko mimi.

– Eti hatoshi, alisema Cheche. Ugonjwa gani huo wa kuchangiwa kama harusi?

Profesa akakohoa kile kikohozi chake cha kuanzia somo.

– Kwanza tuulizane. Hiyo DNA mnaijua?

– Tuambie wewe, alisema Sindano kutoka kwenye cherehani yake mlangoni.

– DNA ni kitu cha mama. Mtoto anakaa tumboni miezi tisa. Baba anakaa wapi? Baba anapita tu.

– Na wewe ulipita tu kwa wale wako saba? Mama Kahawa aliuliza huku akimimina.

– Naongea kisayansi, mama.

– Mbona wote saba wana masikio yako?

Tulicheka, na Cheche naye akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

– Masikio ni mambo ya kutazama, Sindano akaingia. Mwanamke mwenye mimba akimtazama mtu sana, mtoto anatoka naye. Mke wangu alikuwa na kalenda ya mchezaji mpira ukutani. Mtoto wetu katoka na mguu wa kushoto.

– Hata mimi nina mguu wa kushoto, nilisema.

– Namaanisha ndio anaopigia mpira. Usinikate.

– Hamjui kitu, alisema Profesa. DNA inakaa kwenye nywele. Polisi wakiingia nyumba iliyoibiwa, cha kwanza wanatafuta unywele. Mmewahi kusikia wanatafuta nini tena?

Sindano akajipapasa kichwa. Kipara chake kinang'aa kiasi kwamba mchana huakisi taa za pikipiki.

– Kwa hiyo mimi sina?

– Ulikuwa nayo. Imekwisha.

– Na samaki je? Samaki ana nywele? Mama Kahawa aliuliza.

Profesa alifikiri.

– Samaki yuko majini, ana utaratibu wake. DNA ni kama waya wa antena. Ukoo una mawimbi yake, mtoto anayapokea. Antena ikielekea kwa mama, mtoto anashika ya mama. Ukitaka ashike ya baba, kitanda kielekezwe upande ambao baba alizaliwa.

– Lahaula, alisema Sindano. Na mimi nilizaliwa njiani.

Hapo ndipo Profesa alipokosea. Alijisahau kwa utamu wa kusikilizwa, akaendelea:

– Halafu kuna jambo lingine. Kipimo hicho hicho ndicho kinachosema baba wa mtoto ni nani. Sasa Cheche akapime, aambiwe hana hicho kitu, tutamwambia nini?

Cherehani ya Sindano ilinyamaza. Cheche alikuwa anatazama kikombe chake, na nikaona kidole gumba kinasugua ukingo wake, kinazunguka na kurudi. Mama Kahawa akaweka birika chini.

– Profesa, alisema taratibu, kahawa yako ya leo imeishia hapo ulipofika.

Ndani ya duka la Sindano alikuwa amekaa dada mmoja tusiyemjua. Alikuja kubadilishiwa zipu ya mkoba wake mkubwa, na muda wote huo alikuwa amenyamaza na simu yake. Sasa akasimama, akaja mlangoni.

– Samahani baba zangu. Nimekaa nasikiliza, nikajikaza kwenye antena, nikajikaza na kwenye kipara. Hili la mwisho limenishinda. Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali. Kupima damu ndiyo kazi yangu kutwa. Naruhusiwa kusema?

– Sema mwanangu, Mama Kahawa alimjibu kabla ya yeyote, akamsukuma Profesa kwa kiwiko ili dada apate pa kukaa.

Hakukaa. Alimwomba Sindano kipande cha zipu ya mita, ile inayokatwa kwenye rola. Sindano akamkatia kama urefu wa mkono na kukitia kichwa. Dada akaifunga, akashika ncha mbili, akaisokota mpaka ikajizungusha kama kamba.

– DNA imekaa hivi. Nyuzi mbili ndefu, zina meno, yameshikana, halafu zimesokotwa. Ila yenyewe ni nyembamba mno, jicho haliioni. Na haiko kwenye nywele tu. Iko karibu kila mahali mwilini, kwenye ngozi, kwenye ini, kwenye mfupa, kwenye mate yaliyobaki kwenye hivyo vikombe.

– Na kwenye kipara? Sindano aliuliza.

– Kwenye kipara tele. Na kipara chenyewe pengine umeandikiwa humo humo.

Sindano akatutazama mmoja mmoja, ameridhika.

– Na samaki? aliuliza Mama Kahawa.

– Samaki anayo. Kuku, mchicha, ndizi, uyoga, hata kile kidudu cha kuhara. Kila kilicho hai kina maandishi yake ya jinsi ya kujijenga. Ndiyo maana mbegu ya mchicha haikosei ikaota mbuyu.

– Maandishi? nilimuuliza. Zipu imeandikwa nini?

Akaifungua zipu nusu na kutuonyesha meno.

– Kwenye zipu hii meno yote yamefanana. Kwenye DNA yapo ya aina nne tu. Sisi tumeyapa herufi: A, T, C na G. A hushikana na T peke yake. C hushikana na G peke yake. Sasa ukizipanga herufi hizo nne kwa mfuatano huu na ule, unapata maelekezo. Tengeneza jicho hivi. Tengeneza damu hivi. Ni herufi bilioni tatu zimepangwa foleni.

– Kwa herufi nne tu? Cheche aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza afungue mdomo tangu Profesa ajisahau.

– Nne tu, kaka. Na mwili unapotaka kuongeza nyama mpya, zipu inafunguka hivi. Akavuta kichwa mpaka mwisho, pande mbili zikaachana, akamkabidhi Cheche moja. – Ukiwa na upande huo peke yake, unaweza kujua ule mwingine ulikuwaje?

Cheche aliutazama ule upande wa zipu kama anavyotazama chuma kabla ya kukikata.

– Penye A natia T, alisema polepole. Penye C natia G.

– Basi. Na mimi huku nafanya hivyo hivyo. Zipu moja imekuwa mbili, zinafanana. Hivyo ndivyo kidonda kinavyofunga na mtoto anavyokua.

Profesa hakuweza kujizuia.

– Nimeshaelewa. Upande mmoja wa zipu ni wa baba, upande wa pili ni wa mama.

– Hapana, mzee wangu, ingawa wengi hudhani hivyo. Akamwomba Sindano kipande cha pili, akavishika viwili, kimoja kila mkono. – Baba anampa mtoto zipu nzima. Mama naye anampa zipu nzima. Mtoto ana mbili, zimekaa pamoja, na mwili unazisoma zote. Sasa huo ugonjwa. Kuna maelekezo ya kutengeneza ule wekundu wa damu unaobeba hewa. Katikati yake kuna mahali panatakiwa kuwa na A, pamewekwa T. Herufi moja. Kwa sababu hiyo ule wekundu unagandamana, na chembe ya damu ambayo ilikuwa ya duara inajikunja kama mundu. Chembe za namna hiyo hazipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Zinakwama. Mtoto analia vidole, analia magoti.

Cheche alikuwa ameshusha kikombe chini kwenye vumbi.

– Zipu moja ikiwa na kosa na ya pili haina?

– Ile nzima inatosha kufanya kazi. Mtu huyo tunamwita mbebaji. Anatembea, anabeba mizigo, anazeeka, na hajui. Tena ubebaji huo humkinga na malaria kali. Shida inakuja mtoto akipewa zipu zote mbili zenye kosa.

– Kwa hiyo, Cheche alisema, mama yake kampa moja.

– Kama mtoto anaugua selimundu, moja kaipata kwa mama na moja kaipata kwa baba. Mama peke yake hatoshi.

Ni maneno yale yale aliyoniambia mkewe. Nilimtazama Cheche, hakunitazama.

– Kwetu hakuna ugonjwa huo, alisema.

– Inawezekana hakuna anayeugua sasa. Wazee wenu hawakuwahi kupoteza mtoto mdogo? Mtoto wa kuvimba viungo, wa kulialia, mwenye macho ya manjano?

Pikipiki mbili zilipita. Mama Kahawa alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kuwa kikavu.

– Kaka yangu, alisema Cheche.

Mimi namjua Cheche miaka kumi na minne na sikuwahi kusikia kwamba alikuwa na kaka.

– Alinizidi miaka miwili. Alikufa ana miaka sita. Nakumbuka mikono yake. Vidole vilikuwa vimevimba, mama akawa anavifunga kitambaa cha maji ya vuguvugu. Alipokufa walisema mama kaja na kitu cha kwao. Baba akamrudisha. Mimi nikachukuliwa na shangazi.

Kisha akasema kama anayejisomea:

– Walisema kaja na kitu cha kwao.

Yule dada aliweka zile zipu mbili kwenye benchi kando ya Cheche, akamwambia maabara inafungua saa mbili asubuhi, na aulize dirisha la tatu. Sindano alipomkabidhi mkoba wake, alikataa malipo. Ndugu msomaji, Sindano kukataa malipo ni habari ambayo ingestahili kijiwe chake peke yake.

Ijumaa nilifunga kibanda nikaenda naye. Dirisha la tatu lilikuwa na watu kumi na mmoja mbele yetu. Alipotolewa damu alikaza macho ukutani, mtu ambaye hushika chuma chenye moto kwa koleo bila kupepesa. Wakatuambia tusubiri mpaka alasiri. Tulikaa kwenye korido yenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, kila mtu akijitikisa tunatikisika wote.

– Unajua kinachonitisha? aliniuliza.

– Sema.

– Nikiwa nayo, mimi ndiye niliyemuumiza mwanangu. Nisipokuwa nayo, si mwanangu. Nimekaa hapa sijui niombe lipi.

Nilimwambia tu kitu ninachokijua kwa kazi yangu, kwamba yule mtoto nimemshonea viatu tangu vya kwanza, na kila mara soli inalika upande wa nje wa kisigino, kama zake yeye. Alitazama viatu vyake kwa muda mrefu.

Saa tisa akaitwa. Dada yule yule alitoka mwenyewe na karatasi, akamwomba waingie chumbani. Sikuingia. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, amesimama, dada anamwonyesha kitu kwenye karatasi kwa kalamu. Kisha Cheche akakaa ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba, akafunika uso kwa ile mikono yake yenye makovu ya moto.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

– Ninabeba, alisema.

Sijawahi kuona mtu akipokea habari ya ugonjwa kwenye damu yake kwa uso wa furaha namna ile.

– Dada kasema sikumuumiza mtu. Kasema hakuna aliyeulizwa akachagua. Kila mimba ni bahati yake: mmoja kati ya wanne anaweza kuzipata zote mbili zenye kosa, na mmoja anaweza asipate hata moja. Kasema mdogo naye tumlete apimwe mapema, na huyu mkubwa ana vidonge vya kunywa kila siku, maji mengi, asipigwe na baridi, na kliniki asikose. Kasema wako watu wenye selimundu wana wajukuu.

Alirudia hilo la wajukuu mara tatu njiani.

Aliniomba nimsindikize mpaka nyumbani, kisha tulipofika kwenye kona akaniambia nisimame pale. Nilisimama, lakini masikio sikuyafunga. Mkewe alikuwa anaanua nguo. Alimwona, akaendelea kuanua. Cheche akasimama upande wa pili wa kamba, wametenganishwa na shuka.

– Nimetoka kupima, alisema. Na mimi ninabeba.

Mke akalivuta lile shuka, akalikunja mara moja, akalikunja mara ya pili.

– Siku kumi na mbili, alisema. Mtoto ameuliza kila siku. Sikumwambia umetukimbia. Nilimwambia una kazi nyingi.

– Nimekosa, mke wangu.

– Umekosa.

Alimwacha asimame hapo mpaka nguo zote zikaisha kwenye kamba. Kisha akamfungua mdogo mgongoni, akampa baba yake.

– Haya. Kama tunabeba, tubebe wote.

Jumamosi shangazi alikuja kweli, amevaa vizuri, na kapu lake la safari. Cheche hakumpeleka nyumbani moja kwa moja. Alimkalisha kwenye benchi, akaomba kahawa, na sisi wengine tukajifanya tuna kazi. Akamweleza yote. Hakumlaumu. Alipofika kwa kaka yake sauti ikapungua.

– Kwa hiyo kaka yako aliipata kwa wote wawili? shangazi aliuliza.

– Kwa wote wawili, shangazi. Mama alikuwa nayo moja, na baba alikuwa nayo moja.

– Baba yako. Kaka yangu mimi.

– Ndiyo. Na wewe huenda unayo.

Shangazi ni mama wa heshima, alimlea mtoto asiyemzaa akamfikisha utu uzima, na sidhani kama kuna siku alimtakia mabaya. Kahawa yake ilipoa ikafanya utando juu.

– Mimi ndiye niliyembebea wifi yangu sanduku mpaka kituoni, alisema hatimaye. Alikuwa analia njia nzima. Nilimwambia aharakishe, basi litamwacha.

Cheche akamshika mkono.

– Bado yupo? aliuliza.

– Yupo. Ana bustani ya mboga, miguu inamsumbua kidogo. Nilimwona mwaka jana.

Shangazi akavuta kapu lake, akaliweka magotini.

– Na mabasi ya kwenda huko yanaondoka saa ngapi?

Alipata la saa saba. Yule binti wa watu mwenye damu safi sijui aliambiwa nini, ila nasikia ameolewa na mwalimu na wanaishi vizuri.

Hayo yote ni ya mwaka jana. Mdogo alipimwa, akaonekana anabeba tu, haugui. Mkubwa akaanza vidonge na kliniki. Si kwamba maumivu yamekwisha. Mwezi wa baridi alilazwa siku nne. Lakini zamani alikuwa analazwa mara nne kwa muhula. Hapa kijiweni, Profesa amegeuka mtaalamu wa zipu. Mteja wa viatu akikaa dakika mbili tu, anaelezwa A na T, C na G, na asipokuwa mwepesi kuondoka anaonyeshwa na masikio ya watoto saba kwenye picha.

Juzi Jumapili Cheche alikuja na binti yake kijiweni kwa mara ya kwanza. Zamani hakuwa akimtoa, kwa hofu ya upepo. Mtoto alikuwa amevaa sweta ya bluu, ana chupa ya maji, amerefuka. Alitusalimu shikamoo mmoja mmoja, akakaa kati ya baba yake na Profesa, miguu haifiki chini. Profesa akaona amepata darasa. Akatoa kipande cha zipu mfukoni, siku hizi hutembea nacho, akamweleza kila kitu, kusokotwa na kufunguka, herufi nne, zipu ya baba na zipu ya mama, mpaka kwenye ile herufi moja iliyokaa pasipo pake. Nikiri kwamba alieleza vizuri. Mtoto alisikiliza bila kumkatiza, anakunywa maji yake kidogo kidogo.

– Umeelewa, mjukuu wangu?

– Nimeelewa, babu. Mimi nimeipata kwa baba na mama.

– Hapo hapo.

– Na baba kaipata kwa bibi au kwa babu.

– Vizuri kabisa.

– Na babu kaipata kwa baba yake, au kwa mama yake.

– Sasa umekuwa mwenzangu.

Mtoto akafunga chupa yake.

– Yule wa kwanza kabisa, ambaye baba yake hakuwa nayo na mama yake hakuwa nayo. Yeye aliipata wapi?

Profesa akafungua mdomo. Akakitazama kile kipande cha zipu, akakigeuza, akakitazama nyuma. Sindano alikuwa ametoka mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akajifanya anatafuta kitu barabarani. Mama Kahawa akaangalia ndani ya birika. Mimi nilikuwa na misumari mitatu mdomoni na kwa mara ya kwanza nikaishukuru. Cheche alimtazama binti yake, kisha akatutazama sisi, na nikaona anajizuia kucheka kwa fahari.

– Swali hilo, alisema Profesa, ni swali pana. Ngoja nikalisome. Njoo kesho nitakujibu.

– Kesho nina shule.

– Basi keshokutwa.

– Keshokutwa pia, alisema mtoto. Siku hizi nina shule kila siku.